Jicho la kulia lina konea ya kupandikizwa, la kushoto liko kwenye foleni: naomba maelekezo

Subira_Njema

Wakuu, habari zenu. Nina keratokonasi macho yote mawili, yaani konea (kioo cha mbele cha jicho) imekuwa nyembamba na kuchongoka. La kulia nilipandikizwa konea nzima zaidi ya miaka 10 iliyopita na ndilo ninalolitegemea. Natumia tone moja la steroidi (dawa ya kuzuia mwili usilikatae pandikizi) kwa siku, na juu yake navaa lenzi kubwa ya sklera, ile inayokalia sehemu nyeupe ya jicho. La kushoto konea ilipasuka kwa ndani, ikaingia maji na kuvimba, na ilipotulia ikabaki na kovu katikati kabisa. Nimeshaandikishwa na naambiwa naweza kupigiwa simu wakati wowote.

Naomba kujua: simu ikija, ni vitu gani vinaweza kunifanya nirudishwe bila kufanyiwa upasuaji? Nasikia kuna upasuaji wa kubadilisha tabaka tu badala ya konea nzima, je, kwa hali yangu unafaa? Ni kweli pandikizi la pili linaweza kuamsha mwili uanze kulikataa lile la kwanza? Na la mwisho, jioni jicho la kulia linaona ukungu nikiwa na lenzi. Ni lenzi, au konea yenyewe imeanza kuchoka?

Zamu_ya_Usiku

Ndugu Subira, mimi nijibu la simu.

Taarifa huja ghafla kwa sababu konea haihifadhiki muda mrefu. Kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mwisho wake ni siku 14, na wapasuaji wengi hupenda kuitumia kabla ya hapo. Benki za macho zinazohifadhi kwenye joto la nyuzi 30 na ushei hufika wiki 4. Katika muda huohuo damu ya mchangiaji inapimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, seli za tabaka la ndani zinahesabiwa, na konea inasafirishwa. Uchunguzi wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria watu milioni 12.7 wanaosubiri, na konea 1 kwa kila wahitaji 70. Kwa hiyo simu yako isikose mtu wa kuipokea, na namba ya pili ya ndugu iandikwe kwenye faili.

Usikae ukidhani wanatafuta konea "inayofanana" na wewe. Kwa kawaida hakuna kulinganisha kundi la damu kama ilivyo kwa figo.

Sasa yanayorudisha watu nyumbani. La kwanza ni kingo za kope. Ukiamka na tongotongo, magamba kwenye mashina ya kope, au jicho lolote kati ya mawili limekuwa jekundu, mpasuaji hatagusa, maana vijidudu vitaingia ndani ya jicho au vitakaa kwenye nyuzi za kushonea. Anza leo: kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu juu ya kope zilizofumbwa, dakika 5 hadi 10, kisha safisha taratibu kwenye mashina ya kope, asubuhi na jioni. Taratibu nimesema. Mwenye keratokonasi hapaswi kupikicha macho hata siku moja, na kwenye jicho lenye pandikizi ni hatari maradufu.

La pili ni kikohozi na mafua. Watu hushangaa: kikohozi kina uhusiano gani na jicho? Ukiwekewa konea nzima, kuna dakika ambapo yako imeshakatwa na mpya haijashonwa. Jicho liko wazi kama chungu kisicho na kifuniko. Kukohoa hapo kunaweza kusukuma lenzi ya ndani na vinginevyo vitoke nje, au mshipa wa nyuma ukapasuka. Ndiyo maana pia presha ya damu iliyopanda huahirisha kazi, na ndiyo maana ukiwa huwezi kulala chali kwa saa nzima na zaidi waambie mapema, wapange ganzi au usingizi unaofaa. Sukari isiyotulia nayo huahirisha.

Dawa za kuzuia damu kuganda usiache kwa uamuzi wako. Taja tu kwamba unazitumia, wao wataamua.

Weka tayari: orodha ya dawa, chupa yenyewe ya steroidi ya jicho la kulia, na karatasi ya vipimo vya mwisho vya jicho hilo (presha, unene wa konea, idadi ya seli kama iliwahi kupimwa). Na mtu wa kukusindikiza. Utarudi jicho moja likiwa limefunikwa na jingine bila uhakika wa lenzi.

Kioo_Safi

La aina ya upasuaji. Konea ya kawaida ina unene wa nusu milimita hivi katikati. Ndani kabisa kuna safu moja tu ya seli zinazosukuma maji yatoke ili kioo kibaki kiangavu. Seli hizo hazizaliwi upya. Zikipungua, zilizobaki hutanuka kuziba nafasi. Mtu mzima mwenye afya huwa na 2,500 hivi kwa kila milimita mraba, na zikishuka kuelekea 500 konea huanza kubaki na maji.

Kwenye keratokonasi ugonjwa uko tabaka la kati, seli za ndani ni nzima. Ndiyo maana upasuaji unaopendwa ni ule wa kutoa tabaka za mbele na kuziacha za ndani za mgonjwa mwenyewe. Faida yake ni kubwa: mwili hauwezi kukataa seli za ndani ambazo ni zake, na ukuta wa jicho unabaki imara zaidi.

Tatizo lako ni kule kupasuka. Konea ilipojaa maji ile, utando mwembamba wa ndani ulichanika ndipo maji yakapenya. Sasa, mpasuaji anapotenganisha tabaka, njia ya kawaida ni kuingiza hewa kwa sindano ili utando uachane na tabaka la juu yake. Palipochanika zamani pana kovu na udhaifu. Hewa inapita hapo au utando unapasuka upya. Wapo wanaochonga kwa mkono, tabaka baada ya tabaka, wakakwepa sehemu ile, lakini mara nyingi jicho la namna hii huishia konea nzima. Kwa hiyo usidai aina fulani. Muulize maswali mawili: atajaribu tabaka kwanza? Na utando ukipasuka mezani, ataendelea na konea nzima palepale? Kama jibu la pili ni ndiyo, basi fomu ya ridhaa itaje zote mbili, na konea itakayoletwa iwe na seli za ndani zinazofaa. Konea iliyopangiwa tabaka la mbele tu inaweza kuwa na seli chache, halafu mpasuaji akijikuta anahitaji nzima anakwama.

Ule upasuaji wa kubadilisha tabaka la ndani peke yake, wa kulala chali ukiangalia dari ili kiputo cha hewa au gesi kilibane pandikizi, haukuhusu jicho la kushoto. Unaweza kukuhusu la kulia siku za mbele: pandikizi la zamani likiishiwa seli lakini umbo lake bado zuri, mara nyingi anawekewa tabaka jipya la ndani chini ya lilelile la zamani, bila kukata kioo chote upya.

Fremu_na_Lenzi

Swali la ukungu wa jioni ndilo lingenifanya nisingoje miadi, ila kwanza tofautisha.

Ukungu ukianza, vua lenzi, imwage, ijaze maji mapya ya chumvi yasiyo na kihifadhi, vaa tena. Ukiona vizuri papo hapo, shida ilikuwa taka: ute na mafuta ya kope yaliyojikusanya chini ya lenzi. Huo ni usumbufu tu. Hurekebishwa kwa kusafisha kope na kupunguza nafasi kati ya lenzi na konea.

Ukivaa tena na ukungu ukabaki, au ukivua bado unaona duara za rangi kuzunguka taa na inachukua saa kadhaa kupotea, hapo konea imevimba. Lenzi ya sklera ni nene, chini yake kuna maji, na hewa inayofika kwenye konea ni kidogo. Konea changa inavumilia. Pandikizi la miaka 10 na zaidi lina akiba ndogo ya seli, na lenzi ndiyo inayolifichua.

Kuna muundo wa tatu: ukungu mzito asubuhi unapoamka, unaopungua kadiri mchana unavyosonga, hata siku ambazo hukuvaa lenzi. Usiku kope zimefunga, machozi hayakauki, maji yanabaki kwenye konea. Huo ni mwelekeo wa seli kushindwa zenyewe, wala si lenzi.

Omba vipimo viwili. Unene wa konea upimwe mara mbili, asubuhi kabla ya kuvaa na jioni mara tu baada ya kuvua, siku ileile, mashine ileile. Halafu seli zihesabiwe. Zikiwa chini ya 800 hivi, watengeneza lenzi wengi husita kumpa mtu sklera, au hupunguza saa, hutumia malighafi inayopitisha hewa nyingi zaidi, au humrudisha kwenye lenzi ngumu ndogo. Mpaka upate majibu, punguza saa za kuvaa, ivue mchana ipumzike, na usilale nayo hata usingizi wa dakika kumi. Maji ya bomba yasiiguse lenzi kamwe. Kuna kijidudu kinachoishi kwenye maji, akantameba, kinakula konea polepole na ni kigumu mno kukitibu.

Mtu_wa_Pembeni

Miaka 10 imepita bado mnamtilia mtu steroidi kila siku? Inapandisha presha ya jicho, inaleta mtoto wa jicho. Konea ikishakubali imekubali. Ningeacha.

Bi_Matone

Mtu wa Pembeni, madhara uliyotaja ni ya kweli, hitimisho ndilo si sahihi. Hatari ya kukataliwa ni kubwa zaidi mwaka wa kwanza na wa pili, halafu inapungua, lakini haifiki sifuri. Mapandikizi ya miaka 20 yamewahi kukataliwa. Wapo wanaoachishwa tone salama na wapo wanaobaki nalo maisha. Anayeamua ni daktari aliyeona kama kuna mishipa ya damu iliyoingia kwenye konea na historia ya kukataliwa. Na kama kuna wakati mbaya wa kujaribu kuacha, ni huu ambao jicho la pili linakaribia kupasuliwa.

Daktari Eduard Zirm alifanikiwa kupandikiza konea kule Olomouc (leo ni Jamhuri ya Czech) Desemba 1905, miongo mingi kabla ya dawa za kuzuia mwili kukataa viungo. Iliwezekana kwa sababu konea haina mishipa ya damu, kwa hiyo walinzi wa mwili hawaioni kwa urahisi. Mishipa ikiingia, kinga hiyo inavunjika. Kila kinachokaribisha mishipa (uzi uliolegea, kidonda, kope chafu, lenzi iliyobana) kinakaribisha kukataliwa.

Sasa swali la Subira kuhusu pandikizi la pili. Hofu hiyo haikutoka hewani, maana mwili unakutana na protini ngeni kwa mara nyingine. Lakini si sababu ya kukataa upasuaji. Waliopandikizwa macho yote mawili ni wengi na wengi wao wanaona. Unachoweza kufanya ni kumuuliza daktari, kabla ya siku yenyewe, kama tone la jicho la kulia liongezwe kwa wiki za kuzunguka upasuaji. Kinacholiua pandikizi la zamani mara nyingi ni kusahauliwa: mawazo yote yamehamia jicho jipya, chupa mpya zimejaa mezani, na lile tone moja la zamani linapotea katikati.

Kwa hiyo tenga chupa. Jicho moja chupa yake, usizichanganye hata kama dawa ni ileile, usihamishe vijidudu. Ya kushoto izungushie mpira wa kufungia pesa shingoni ili uitambue kwa vidole, maana utakuwa huoni maandishi. Prednisoloni ya maji meupe hutulia chini. Itikise vizuri, la sivyo unajitilia maji matupu wiki nzima na dawa yote inabaki chini ya chupa. Kati ya dawa na dawa subiri dakika 5. Ukishatia, fumba jicho na ubane kona ya ndani karibu na pua dakika 1 hadi 2. Ncha ya chupa isiguse kope. Ikifunguliwa, chupa nyingi mwisho wake ni wiki 4.

Dalili za kukataliwa ziko nne: wekundu, mwanga kuumiza, kuona kupungua, maumivu. Usingoje zote. Kukataliwa kwingi hakuumi kabisa, kunaanza na ukungu kidogo tu. Ndiyo maana kila asubuhi ziba jicho moja, uangalie kitu kilekile, umbali uleule, mwanga uleule. Kalenda ya ukutani inatosha. Kisha geuza. Macho mawili yakiangalia pamoja, lililo zima huficha kasoro ya lililo gonjwa.

Tofauti ikidumu zaidi ya saa chache, onekana siku hiyo au kesho yake. Kwenye mashine ya kuweka kidevu daktari anatafuta vijidoa vyeupe nyuma ya konea, wakati mwingine vimejipanga mstari unaosogea, nyuma yake kumevimba na mbele bado kuangavu. Ikikamatwa mapema, prednisoloni 1% kila saa moja mara nyingi huliokoa pandikizi. Ila usijianzishie mwenyewe nyumbani. Maambukizi, pamoja na yale ya kirusi cha herpesi, huanza kwa sura hiyohiyo, na steroidi ya kila saa juu ya maambukizi huyeyusha konea.

Na presha ya jicho ipimwe kila unapokwenda, si unapolalamika, maana haiumi. Namba kwenye konea iliyoshonwa haziaminiki sana, hivyo omba itumike mashine ileile kila mara walinganishe.

Subira_Njema

Nashukuru sana, nimejaribu ya Fremu: nikijaza maji mapya ukungu unapungua lakini hauishi wote. Naenda kupima asubuhi na jioni. Jingine: kuna siku jicho la kulia nahisi kama mchanga upande mmoja, chini. Nyuzi nyingi zilitolewa, ila niliambiwa mbili tatu zimeachwa kwa kuwa zilizama na hazisumbui.

Zamu_ya_Usiku

Hilo lipeleke kesho, usisubiri vipimo vya lenzi.

Uzi wa konea ni nailoni nyembamba kuliko unywele. Ukizama chini ya ngozi ya konea unaachwa, ni sawa. Lakini nailoni huchakaa. Baada ya miaka hukatika, na ncha yake huchomoza. Hapo ndipo mchanga unapoanza. Ncha hiyo inashika ute, ute unashika bakteria, na ndani ya siku chache kinaweza kuwa kidonda cheupe. Au mshipa wa damu unaufuata uzi mpaka kwenye pandikizi, na Bi Matone ameshaeleza yanayofuata.

Kuutoa ni kazi ya dakika chache: tone la ganzi, uzi unakatwa kwa ncha ya sindano na kuvutwa kwa kibano, ukitolewa upande ambao fundo halitapita kwenye maungio. Baadaye matone ya antibayotiki kwa siku kadhaa, na steroidi huongezwa kwa muda maana kutoa uzi nako kunaweza kuchokoza mwili. Usiuvute mwenyewe mbele ya kioo, hata kama unauona. Na hiyo lenzi usiivae juu yake mpaka utazamwe. Huenda hata sehemu ya ukungu wako inatoka hapo.

Kioo_Safi

Niongeze yanayokuja baada ya upasuaji, maana watu hupanga maisha kwa wiki wakati mambo yanakwenda kwa miezi.

Konea nzima hushonwa kwa nyuzi 16, au uzi mmoja unaozunguka, au mchanganyiko. Kwa kuwa haina damu, inapona polepole. Nyuzi zinazokunja umbo huanza kutolewa baada ya miezi 3 hadi 6, chache chache, kwa kufuata ramani ya konea (kipimo cha umbo lake). Zilizobaki mara nyingi husubiri mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu. Katika kipindi hicho uwezo wa kuona utapanda na kushuka. Kila uzi ukitoka, umbo linabadilika. Pandikizi angavu kabisa linaweza kuona vibaya kwa sababu tu limekunjwa na nyuzi.

Maungio yale hayarudii nguvu ya awali, hata baada ya miaka 20. Kiwiko cha mtoto, mpira, tawi la mti, vinaweza kuyafungua. Na hili ni kwa macho yote mawili: hata la kulia, lililoshonwa zaidi ya miaka 10 iliyopita, bado ni dhaifu kwenye ule mduara, na ndilo utakalolitegemea peke yake miezi hiyo. Miwani ya polikaboneti (plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi) mchana hata kama haina namba, kikinga cha plastiki usiku kwa jicho jipya mwezi wa kwanza au kama utakavyoelekezwa, na michezo ya kupigana uachane nayo moja kwa moja.

Miwani yenye namba ya jicho la kushoto usiikimbilie. Ukiitengeneza kabla umbo halijatulia, uzi unaofuata ukitolewa haitakufaa tena. Kama kazi yako inahitaji kuona sasa, omba ya muda, lenzi za bei ya chini kabisa, na uwaambie wazi kwamba nyuzi bado zimo.